Uvimbe wa Taya, Daftari za Kuluva na Uzi Uliokunjwa

Mimi ni mzaliwa wa Koboko. Kiswahili nilikisikia sokoni kabla ya kukisoma darasani, kikiwa kimechanganywa na Kikakwa, Kinubi na Kilingala, na mpaka leo nikiandika lazima nijihadhari nisiyalete hapa maneno ya sokoni. Mwalimu alipotuagiza tuandike insha ya historia kuhusu jambo lililotokea kwetu, wenzangu wa West Nile walijua mara moja wataandika nini: Idi Amin, vita vya 1979, wakimbizi. Hayo ni kweli na ni mazito, lakini yameandikwa sana. Mimi nimechagua historia ya uvimbe.

Sababu yangu ni hii. Jirani yetu mmoja, mama ambaye kiwanja chake na chetu vimetenganishwa na shamba la mihogo, ana mtoto wa kiume aliyekuwa na umri wa miaka sita wakati shavu lake lilipoanza kuvimba. Watu walisema ni jino. Kituo cha afya alikopelekwa kwanza nao walisema ni jino, wakaling'oa na kumpa vidonge. Zikapita wiki tatu. Uvimbe ukawa mkubwa kama ngumi, meno mengine yakalegea, jicho likaanza kusukumwa kutoka mahali pake. Alipofikishwa mwishowe kwenye hospitali kubwa, daktari alitamka jina moja: Burkitt. Mtoto alitibiwa kwa miezi kadhaa na akapona. Aliyebaki na ugonjwa ni mama yake, kwa sababu upande wa mumewe walianza kusema kwamba yeye ndiye aliyeingiza damu mbaya katika ukoo. Siku moja, akijua kwamba niko chuoni, aliniuliza, "Mwanangu, hii kitu ilitoka kwangu?" Sikuwa na jibu. Nilimwambia nitasoma.

Nilianza na jina. Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji kutoka Ireland, aliyezaliwa mwaka 1911 na kupoteza jicho moja akiwa mtoto. Alifanya kazi kwanza Lira, baadaye Mulago mjini Kampala. Mwaka 1957 mwenzake Hugh Trowell alimwita wodini amtazame mtoto wa miaka mitano ambaye taya zake zote zilikuwa zimevimba. Burkitt hakuelewa. Maambukizi ya jino hayavimbishi pande zote nne za taya kwa wakati mmoja. Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, alichungulia dirishani akamwona mtoto mwingine mwenye uso wa namna ileile. Wa kwanza angeweza kuwa ajabu tu, lakini kuwaona wawili kulimfanya afukue kumbukumbu za hospitali, na mwaka 1958 akachapisha makala yake ya kwanza kuhusu uvimbe huo.

Hapa lazima niseme jambo ambalo baadhi ya vitabu hulipita haraka. Burkitt hakugundua ugonjwa kwa maana kwamba haukuwapo. Mama zetu waliuona, na madaktari wa misheni waliotangulia waliuona pia. Alichofanya yeye ni kuuliza swali la mahali: unapatikana wapi, na haupatikani wapi? Kwa msaada wa pauni 25 tu alichapa karatasi zenye picha, akazituma kwa hospitali za serikali na za misheni Afrika nzima. Majibu aliyabandika kwenye ramani ukutani. Ukanda ukatokea, ukikata bara katikati, kaskazini na kusini mwa ikweta, na mkia wake ukishuka hadi Msumbiji.

Kisha akafunga safari. Tarehe 7 Oktoba 1961 aliondoka Kampala na madaktari wawili wa misheni katika gari kuukuu aina ya Ford la mwaka 1954, lililonunuliwa kwa pauni 250. Walisafiri wiki kumi na maili 10,000 hivi, wakiingia hospitali moja baada ya nyingine hadi Afrika Kusini, wakiuliza swali lilelile. Mmoja wa wale wawili alikuwa Cliff Nelson. Wa pili alikuwa Ted Williams wa hospitali ya Kuluva.

Kuluva! Nilipolisoma jina hilo nilisimama. Ukitoka Arua kwa barabara ya kwenda Kampala, haupiti muda mrefu kabla ya kufika njia ya Kuluva. Watu wa Koboko wameugulia huko kwa miaka mingi. Nilikuwa nikiijua kama hospitali ya misheni tu, si kama mahali palipomo katika vitabu vya saratani duniani kote.

Waliporudi walikuwa wamejua kwamba mpaka wa ugonjwa haukuwa wa kabila wala wa nchi. Ulikuwa wa joto na mvua. Karibu na ikweta ugonjwa ulikoma kwenye miinuko ya futi 5,000 hivi, na kadiri ulivyokwenda kusini ndivyo ulivyokoma chini zaidi, kwa sababu huko hata mahali pasipo juu ni pa baridi. Kigezi, Rwanda na Burundi, nchi za milima, hazikuwa nao. West Nile ulikuwapo. Alexander Haddow, aliyekuwa akichunguza virusi kule Entebbe, aliona kwamba ramani hiyo inafanana na ramani ya magonjwa yanayoletwa na wadudu. Wakaanza kufikiri juu ya mbu.

Si ajabu kwa wilaya yetu. Mwaka 1937 kirusi kimoja kinachoenezwa na mbu kilipatikana katika damu ya mwanamke wa Omogo, West Nile, na mpaka leo watu wa New York wakiugua homa hiyo wanalitaja jina la kwetu bila kujua liko wapi. Lakini hiyo ni insha nyingine.

Kazi ambayo mimi naithamini kuliko safari ile ni ya daftari. Ted Williams aliandika. Kila mtoto wa uvimbe huo aliyefika Kuluva aliandikiwa nyumbani kwao, umri wake, na tarehe ugonjwa ulipoanza. Mwaka 1967 yeye na wenzake wawili, Pike na Wright, walichapisha walichokiona katika wagonjwa wa 1961 hadi 1965: watoto waliokaa karibukaribu walielekea pia kuugua karibukaribu kwa wakati. Ugonjwa ulihama. Ulikuwa kijiji hiki mwaka huu, na kile mwaka mwingine. Saratani ya kawaida haifanyi hivyo. Hiyo ni tabia ya kitu kinachoambukiza au kinachofuata kitu kinachoambukiza. Orodha iliendelezwa hadi mwaka 1975 na ikafikia watoto karibu 200. Ningependa wanafunzi wa historia wafikiri juu ya hilo. Sisi tunafundishwa kwamba chanzo cha historia ni barua ya gavana au mkataba wa mfalme. Daftari la muuguzi lenye jina la kijiji na tarehe nalo ni chanzo, na katika suala hili ni bora kuliko barua ya gavana.

Wakati huohuo London walikuwa wakitafuta kirusi. Burkitt alitoa mhadhara huko tarehe 22 Machi 1961, na kijana mmoja aitwaye Anthony Epstein aliondoka ukumbini akiwa ameamua kuacha kazi nyingine zote. Kwa miaka miwili na zaidi alipokea vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Kampala na hakupata kitu. Desemba 1963 ndege moja ilizuiwa na ukungu, ikatua Manchester, na kipande kikafika kimechelewa, kikiwa katika maji yaliyoingia ukungu wake chenyewe. Wengine wangemwaga. Epstein alitazama na kukuta maji yamejaa seli hai zilizokuwa zikielea, ambazo sasa aliweza kuzikuza. Februari 1964, chini ya hadubini ya elektroni, kirusi kikaonekana. Kwa jina lake na la msaidizi wake Yvonne Barr kinaitwa Epstein-Barr. Bert Achong wa Trinidad, aliyekuwa mmoja wa waandishi watatu wa makala ile, hakubahatika kuingia katika jina.

Furaha haikudumu. Punde ilionekana kwamba kirusi hicho kimo karibu katika kila mtu duniani. Huku kwetu watoto wengi hukipata kabla ya kutimiza miaka mitatu, hawaumwi chochote, nacho hukaa ndani yao maisha yote. Basi ikiwa wote wanacho, kwa nini augue mmoja?

Kujibu swali hilo, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lenye makao yake Lyon, Ufaransa, lilikuja West Nile. Kati ya 1972 na 1974 walichukua damu ya watoto wapatao 42,000, wadogo, wenye afya. Wakaihifadhi kwenye barafu, wakangoja. Hesabu yake ilikuwa ya kutisha ukiitazama kwa jicho la mzazi: walijua kwamba wachache miongoni mwa watoto wale wangeugua, hawakujua ni nani, na kazi ilikuwa kungoja waugue ili warudi kwenye barafu kutazama damu yao ilikuwaje kabla. Sisemi kwamba walikosea. Hapakuwa na njia nyingine ya kujua kipi kilitangulia, na mgonjwa aliyepatikana mapema alitibiwa. Nasema tu kwamba deni la sayansi kwa watoto wa West Nile halikuandikwa katika daftari lolote.

Ripoti ya mwaka 1978, iliyoongozwa na Guy de-Thé, ilihusu watoto 14. Ilionyesha kwamba wale ambao damu yao ilikuwa na kingamwili nyingi mno dhidi ya kirusi, miezi na hata miaka kabla ya uvimbe, walikuwa katika hatari mara 30 hivi kuliko wenzao. Mwaka uliofuata vita vikafika. Amin alianguka Aprili 1979, na West Nile, kwa kuwa Koboko ni kwao, ikalipa. Watu walivuka kwenda Sudan na Zaire wakiwa na magodoro kichwani, wazee wangu wakiwamo. Ufuatiliaji wa wale watoto 42,000 ukakoma. Wengi wao sasa ni watu wazima wa zaidi ya miaka 50, na huenda baadhi hawajui kwamba damu yao ya utotoni ilisafiri hadi Ulaya.

Malaria nayo haikuachwa. Mwaka 1964 Gilbert Dalldorf alidokeza kwamba ukanda wa uvimbe ni ukanda wa malaria kali. Tanzania, katika wilaya ya Mara Kaskazini, watoto walipewa klorokwini kuanzia 1977 hadi 1982 ili kuona kama uvimbe utapungua. Ulipungua, lakini ulikuwa umeanza kupungua kabla ya dawa, na vimelea vikaanza kuzoea dawa. Jibu likabaki nusu.

Sasa naingia mahali ambapo mimi, mwanafunzi wa lugha na historia, nilihitaji kusaidiwa na rafiki yangu wa biolojia. Msomaji anivumilie.

Mwaka 1972 Georgi Manolov na Yanka Manolova, Wabulgaria, walitazama kromosomu za seli za uvimbe huu na kuona kwamba kromosomu ya 14 ina kipande cha ziada mwishoni. Miaka minne baadaye, Lore Zech na wenzake kule Stockholm, ambako maabara ya George Klein ilikuwa ikipokea vipande vya uvimbe kutoka Nairobi, walionyesha kipande hicho kimetoka wapi: kimekatika kutoka kromosomu ya 8. Mwaka 1982 ikajulikana kilichokuwa ndani yake. Ni jeni iitwayo MYC, ambayo kazi yake ni kuiamrisha seli ikue na kugawanyika. Ilikuwa imehamia jirani ya jeni inayotengeneza kingamwili, ambayo katika seli za kinga za aina ya B haizimwi. Ni kama kulihamishia genge la wapiga ngoma kwenye nyumba ambayo haina usiku. Seli za uvimbe huu zinaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, na sasa wiki tatu za yule mtoto wa jirani zinaeleweka.

Lakini uzi ulikatikaje? Na kwa nini hapo?

Kila mtu anaijua picha ya DNA: nyuzi mbili zilizosokotana, kama ilivyoelezwa na Watson na Crick mwaka 1953 kwa msaada wa picha za Rosalind Franklin. Herufi zake ni nne, adenini, thaimini, sitosini na guanini, na kila moja ina mwenzake upande wa pili. Picha hiyo ni ya kweli, ila si yote. Guanini ina tabia ya pekee. Tangu mwaka 1910 Ivar Bang alikuwa ameona kwamba maji yenye guanini nyingi ya namna fulani huganda kama uji uliopoa. Mwaka 1962 Martin Gellert, Marie Lipsett na David Davies walieleza sababu: guanini nne hushikana zenyewe kwa zenyewe katika mraba, kama watoto wanne walioshikana mikono, kila mmoja akimshika wa kushoto na kushikwa na wa kulia. Miraba hiyo hupangana mmoja juu ya mwingine, na katikati yake hukaa chembe za potasiamu zikiushikiza mnara wote. Umbo hilo linaitwa kwadrupleksi. Mahali penye guanini nyingi zinazofuatana, uzi mmoja wa DNA unaweza kumwacha mwenzake, ukajikunja na kujifunga fundo la namna hiyo. Uzi wa upande wa pili, ulioachwa na sitosini zake, nao unaweza kujikunja kwa umbo jingine liitwalo i-motifu, lililoelezwa mara ya kwanza mwaka 1993.

Kwa miaka mingi wataalamu waliyaona mafundo haya kama michezo ya chupa za maabara. Mwaka 1988 Dipankar Sen na Walter Gilbert wa Harvard walionyesha kwamba vipande halisi vya jeni vinaweza kujikunja hivyo katika chumvi ya kiasi kilicho mwilini. Vilikuwa vipande gani? Vilitoka katika eneo la jeni za kingamwili, kwenye kromosomu ya 14, mahali ambapo seli ya B hukata na kuunga DNA yake kwa makusudi ili kubadili aina ya kingamwili. Niliposoma hivyo nilirudi nyuma na kusoma tena. Ni jirani yuleyule ambaye MYC huhamia kwake.

Baada ya hapo ushahidi uliongezeka. Mwaka 2002 kundi la Laurence Hurley kule Arizona lilionyesha kwamba jeni ya MYC yenyewe, mahali pa kuiwashia, ina kipande kinachojikunja kuwa kwadrupleksi, na kwamba umbo hilo likiimarishwa jeni hupunguza kelele. Mwaka 2013 watafiti wa Cambridge wakiongozwa na Shankar Balasubramanian walitengeneza kingamwili inayolishika fundo hilo peke yake, wakaliona ndani ya seli za binadamu likiwa vinukta vinavyong'aa. Mwaka 2018 wenzao wa Sydney wakafanya vivyo hivyo kwa i-motifu, na mwaka 2024 wakaorodhesha zaidi ya mahali 50,000 panapoweza kuwa nazo. Kuhusu kwadrupleksi, kipimo cha mwaka 2015 kilihesabu mahali zaidi ya 700,000 katika jenomu ya binadamu panapoweza kujikunja. Kuweza si kuwa: ndani ya seli, ambako DNA imefungwa kwenye protini, yaliyoonekana kwa wakati mmoja ni takriban 10,000. Magazeti hupenda ile namba kubwa. Mimi naona ile ndogo ndiyo yenye habari, kwa maana inasema kwamba seli huchagua fundo lipi lifungwe na lipi lifunguliwe.

Turudi kwenye kukatika. Seli ya B ina kimeng'enya kiitwacho AID, ambacho kazi yake halali ni kuharibu kidogo DNA ya jeni za kingamwili ili zibadilike na kumtambua adui vizuri zaidi. Ni fundi mwenye kisu. Nancy Maizels na wenzake kule Marekani walionyesha mwaka 2004 kwamba jeni zenye guanini nyingi zinaposomwa, uzi mmoja hushikwa na RNA, na uliobaki huru hujikunja kuwa kwadrupleksi. Mwaka 2005 wakaonyesha kwamba AID huyashika maumbo hayo, si katika jeni za kingamwili tu, bali pia katika MYC, karibu na mahali panapokatika. Kwa hiyo fundo ni kama alama inayomvutia fundi, na mara chache sana fundi anaingia nyumba ambayo hakuitwa.

Hapa nataka kuwa mwangalifu, kwa sababu hapa ndipo insha nyingi za namna hii hudanganya. Mahali panapokatika si pamoja kwa wagonjwa wote. Katika uvimbe wa Burkitt wa Ulaya na Marekani, mara nyingi MYC hukatika ndani yake au karibu sana nayo, na kromosomu ya 14 hukatika kwenye lile eneo lenye mafundo. Katika uvimbe wa Afrika, ule wa Kuluva na wa mtoto wa jirani yetu, kromosomu ya 8 kwa kawaida hukatika mbali na MYC, na ile ya 14 hukatika mahali pengine ndani ya jeni za kingamwili, ambako AID hufanya kazi nyingine. Maana yake, hadithi ya mafundo inawafaa vizuri zaidi wagonjwa wa kule kuliko wa huku. Fundi ni yuleyule, kisu ni kilekile, lakini alama ya mlangoni si lazima iwe ileile. Naona ni jambo la kusikitisha kidogo kwamba ugonjwa ulioandikwa kwanza kwa watoto wetu ulielezwa kwa undani kwanza kupitia wa wengine, na tena ni jambo la kuwahimiza vijana wa kwetu wanaosoma biolojia.

Kinachotuhusu moja kwa moja ni malaria. Mwaka 2014 ilionyeshwa kwamba kimelea cha malaria kali huchochea seli za B zitoe AID kupita kiasi. Mwaka 2015 Davide Robbiani na wenzake wa New York waliwaambukiza panya malaria ya muda mrefu: seli za B zikaongezeka, AID ikafanya kazi usiku na mchana, na panya waliodhoofishwa kinga yao dhidi ya saratani wakapata limfoma zenye kromosomu zilizohamishana vipande. Swali la Dalldorf lilikuwa limengoja miaka 50. Na kirusi cha Epstein-Barr nacho kina fundo lake: RNA ya protini yake moja, EBNA1, hujikunja kwadrupleksi nyingi, na kwa kufanya hivyo hutengeneza protini hiyo kidogo kidogo, isionekane sana na askari wa mwili. Kinajificha kwa kujikunja.

Kuluva haikusahauliwa kabisa. Kuanzia mwaka 2010 uchunguzi mkubwa wa uvimbe huu ulifanywa Uganda, Kenya na Tanzania chini ya taasisi ya saratani ya Marekani, ukiongozwa na Sam Mbulaiteye, daktari wa Uganda. Upande wa kaskazini mwa Uganda walitumia hospitali mbili: Lacor ya Gulu na Kuluva ya Arua. Nusu karne baada ya Ford ile kuukuu, swali liliulizwa tena kwenye milango ileile, safari hii na mtu wa nchi.

Dawa aliyopewa mtoto wa jirani ilikuwa ya zamani pia, saiklofosfamidi, ambayo Burkitt mwenyewe aliijaribu Kampala na ambayo kituo cha limfoma kilichofunguliwa Mulago mwaka 1967 kiliifanya matibabu ya kweli. Inafanya nini? Inang'ang'ania guanini, ile ile, na kuzishona nyuzi mbili pamoja mpaka seli inashindwa kuzifungua ili ijinakili. Uvimbe unaokua upesi hufa upesi. Kwa wiki moja shavu lake lilikuwa limepungua hivi kwamba bibi yake alidhani wamemletea mtoto mwingine.

Wakati wa likizo nilikwenda kwa mama yake. Nilijaribu kueleza kwa Kiswahili, nikakwama, nikaongeza Kikakwa. Nilichukua nyuzi mbili za kushonea nikazisokota, nikauacha mmoja ujikunje, nikaukata. Nilimwambia kwamba ajali hiyo ilitokea katika seli moja ya mtoto, baada ya kuzaliwa, mahali ambapo malaria na kirusi vilikuwa vikimsumbua fundi. Kwamba haikuwamo katika damu aliyompa yeye wala baba yake. Na kwamba yale mafundo yenyewe si ugonjwa, maana kila binadamu anayo.

"Hata wifi yangu?" akauliza.

Nikasema hata wifi yake. Alicheka kwa muda, kisha akaacha kucheka na kusema niende mimi nikamweleze, kwa sababu yeye hatasikilizwa. Nikaenda Jumapili, na nyuzi zangu mfukoni.